Kuagana Kazini na Vita vya Mbali: Neno juu ya Maandishi ya Shaaban Robert

Wasomaji wengi wa Shaaban Robert hushika vitabu viwili vyake kama kwamba vimeandikwa na watu wawili. Kimoja ni Utenzi wa Vita vya Uhuru 1939 hata 1945, utungo wa kiasi cha beti 3,000, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa mwenyewe. Cha pili ni Maisha Yangu, kitabu kidogo cha nathari na tenzi kilichotoka mwaka 1949. Cha kwanza huitwa kitabu cha vita, na cha pili huitwa kitabu cha nyumbani. Mwanafunzi atakaye kujua Vita Kuu ya Pili iliingiaje katika fasihi ya Kiswahili huambiwa asome cha kwanza, na cha pili akiweke kando hata siku ya kusoma habari za ndoa, malezi na maadili. Nia ya makala haya ni kuupinga mgawanyo huo. Nitajaribu kuonyesha ya kuwa vita vilivyopigwa mbali huandikwa kwa njia mbili katika lugha yetu, kwamba njia zote mbili ni za kale, na kwamba ile iliyo kimya yastahili kupimwa kwa mizani ile ile tunayopimia iliyo na ngurumo.

Kwanza yatupasa tumkumbuke mtungaji mahali pake. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Alipokwisha soma Dar es Salaam aliajiriwa mwaka 1926 katika Idara ya Forodha, akatumika humo hata mwaka 1944, na sehemu kubwa ya utumishi huo ilikuwa Pangani. Kisha alihamishiwa idara nyingine, na safari ya kwenda Mpwapwa ikamtoa pwani ikampeleka bara. Mwaka 1946 akarudi Tanga kutumika katika ofisi ya wilaya. Basi miaka yote sita ya vita ilimkuta mezani, kalamu mkononi, katika kazi ya kupokea, kuhesabu na kuandikisha. Hakuvaa magwanda wala hakushika bunduki. Habari za Ulaya, za jangwa la Afrika ya Kaskazini na za Mashariki ya Mbali zilimfikia kama zilivyomfikia kila karani wa Tanganyika: kwa magazeti, kwa redio, kwa taarifa za Serikali na kwa mazungumzo ya barazani.

Hapo ndipo linapoanzia shitaka ambalo wanafunzi wangu hulileta kila mwaka, nami nalisikia kwa heshima kwa kuwa si shitaka jepesi. Husema: yawezekanaje mtu aandike juu ya posa, safari ya uhamisho na wasia wa mtoto, hali vijana wa nchi yake wanakufa Uhabeshi na Burma? Je, huu si usingizi? Wengine huenda mbele zaidi wakasema ya kuwa maisha ya makarani, pamoja na karamu zao za chai, risala zao na mashairi yao ya kuagana, yalikuwa pazia lililowekwa mbele ya macho ili damu isionekane. Wengine hujibu kwa methali: pilipili usiyoila yakuwashiani? Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu pilipili ile iliwawasha wasioila. Tutafute jibu lingine katika tungo zenyewe.

Utenzi ni bahari iliyozoea vita vya mbali. Utenzi wa Tambuka, ambao huitwa pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, wasimulia vita vya majeshi ya Kiislamu na majeshi ya Rumi. Mtungaji hakuviona vita hivyo, wala babu yake hakuviona. Palikuwa na bahari na zaidi ya miaka elfu kati yake na Tabuki. Alichokuwa nacho ni habari iliyopokewa, na ustadi wake ulikuwa kuifanya habari hiyo ikae masikioni mwa watu wa Pate kana kwamba farasi wanapita nje ya mlango. Katika urithi huo, mtu wa pwani kusimulia vita asivyovishuhudia halikuwa jambo la ajabu. Ilikuwa kazi ya heshima.

Shaaban Robert alipokaa kutunga vita vya Hitler na Mussolini kwa beti za mizani minane, alikuwa akiifuata njia ya Mwengo. Tofauti ni katika habari zenyewe. Mwengo alipokea hadithi ambayo vizazi vingi vimekwisha isafisha: mashujaa wanajulikana kwa majina, vifo vyao vina mahali pake, na vilio vyao vimepata sauti. Karani wa Tanganyika alipokea habari mbichi za gazeti, mji gani umetekwa, jemadari gani amerudi nyuma, meli ngapi zimezama. Kwa hiyo nguvu ya Vita vya Uhuru imo katika mpango. Kuzikusanya nchi nyingi hivyo, majina mageni mengi hivyo, na kuyatia yote katika vina bila lugha kuvunjika, ni kazi ambayo watungaji wachache wangaliithubutu. Lakini udhaifu wake watoka papo hapo penye nguvu yake. Taarifa ya vita hupenda ramani kuliko mtu. Msomaji hupita kutoka medani hata medani, na mara nyingi hujua zaidi jeshi limekwenda wapi kuliko aliyelala njaa ni nani. Sisemi hivi kwa kumshusha mtungaji. Nasema utenzi huu wachukua alama za chombo kilichomletea habari.

Sasa tuitazame njia ya pili. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi unaojulikana kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa mgonjwa, anamwita mtoto akae karibu na wino na karatasi, amwachie wasia juu ya dini, adabu, mume, nyumba na jamaa. Vizazi vya wanafunzi vimeusoma utenzi huu kama kitabu cha mambo ya nyumbani, na ndivyo ulivyo. Walakini Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mkuu wa Siu, aliyepigana kwa miaka mingi na majeshi ya Seyyid Said na akafa mwaka 1856. Hakuna nyumba ya pwani ya kaskazini iliyovijua vita zaidi ya nyumba ile. Hata hivyo mama alipoaga hakusimulia mizinga wala ngome. Alisema namna ya kusalimu watu, namna ya kumtumikia mgonjwa, namna ya kumwombea maskini. Tukisema ya kuwa vita havimo katika utenzi ule, twasema kweli ya macho tu. Mtu anayejua jinsi nyumba inavyoweza kuvunjika ndiye anayehesabu kwa uangalifu vitu vinavyoishikilia.

Ndani ya Maisha Yangu mna Utenzi wa Hati, ambao Shaaban Robert alimtungia binti yake Mwanjaa. Hakuna msomaji asiyeona ya kuwa utenzi huu umemfuata Mwana Kupona hatua kwa hatua. Lakini tazama jina. Mwana Kupona alimpa binti yake wosia uwe hirizi ya kufungwa mwilini. Karani alimpa wake hati. Hati ni neno la ofisi. Ni karatasi inayotambulika, iliyoandikwa vizuri, ambayo mtu huionyesha apitapo mahali pageni ili aaminiwe. Mtu aliyekaa miaka kumi na minane Forodhani aliona kila siku ya kuwa mzigo usio na hati hauvuki. Naye, alipotaka kumwachia mtoto wake kitu cha kumvusha katika dunia, alichukua kitu cha kazini kwake akakitia roho ya kale. Hapa maisha ya ofisi hayasimami mbali na ushairi. Yamekwisha ingia katika jina la utungo.

Jambo hili latuleta kwenye neno kuaga lenyewe, maana lugha yetu imeligawa vizuri kuliko tunavyokumbuka. Anayeondoka huaga. Wawili au wengi huagana. Lakini watu wasiotumaini kuonana tena hutakana buriani, yaani kila mmoja humwomba mwenziwe amsamehe yaliyopita na amfungulie haki alizonazo juu yake, asije akafa na deni. Katikati ya hayo husimama kwaheri ya kuonana, ambayo ni dua kuliko ahadi. Wakati wa amani maneno haya hukaa kila moja mahali pake: karani anayehamishwa huagana na wenzake, mgonjwa mahututi hutaka buriani. Wakati wa vita, hata vikiwa mbali, mipaka hiyo hulegea. Mtu huagana kwa maneno mepesi huku moyoni akitaka buriani.

Utumishi wa Serikali ulikuwa maisha ya kuagana. Karani hakuwa na mji wake; leo pwani, kesho bara, na barua ya uhamisho haikuuliza kama mke ana mimba au mtoto ana homa. Makarani na walimu wa Tanganyika walikuwa wamekwisha jifunza kukaa pamoja kama jamaa badala ya jamaa waliowaacha. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kiliundwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wake, na kutoka katika maisha ya namna hiyo ilikua desturi ya chai, hotuba na shairi la kumwaga mwenzao. Desturi hii huchekwa siku hizi. Watu husema risala zote zafanana: mwondokaji daima alikuwa mchapa kazi, mpole na mcheshi. Ni kweli zafanana. Dua pia zafanana, wala hakuna anayezichekea kwa sababu hiyo. Maneno yaliyozoeleka huwapa watu wenye haya njia ya kusema neno ambalo, lau wangelitafuta wenyewe, wasingelipata: kwamba tulikuona, kwamba kazi yako haikupita bure, na kwamba pahali pako patakuwa wazi.

Na vita vilikuwa papo hapo katika kazi zao. Kabla ya vita, nguo za pamba kutoka Japani zilijaa katika maduka ya Afrika Mashariki. Japani ilipoingia vitani Desemba 1941, nguo hizo zilikoma. Mtu wa Forodha alivijua vita kwa marobota ambayo hayakushuka. Mapema mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na visiwa vya Java, nchi zilizokuwa zikiuza nyuzi ngumu za kamba, na mara katani ya Tanga ikawa mali ya vita. Watu wakakusanywa kwa amri kwenda kufanya kazi mashambani. Mwaka 1943 uhaba wa chakula ulienea pande nyingi za Afrika Mashariki. Haya yote yalipita mezani kwa makarani kama hesabu na barua. Atakayeniambia ya kuwa maisha ya kila siku yalikuwa nje ya vita, nitamwomba anionyeshe mpaka ulipokuwa.

Nao askari waliagana katika bandari zile zile zilizopokea mizigo. Askari wa King's African Rifles walikwenda Uhabeshi mwaka 1941, Bukini mwaka 1942, na mwaka 1944 wakashuka katika bonde la Kabaw, Burma, katika mvua ambayo hawakupata kuiona kwao. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 ya mwezi ule ilipigwa na manuwari ya Kijapani ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Waliokuwa wamewaaga vijana wale walitumia maneno yale yale ya karani anayekwenda Mpwapwa: safari njema, tukijaaliwa tutaonana. Mwaka ule ule Shaaban Robert alitoka Forodhani. Safari moja ilikuwa ya mshahara, ya pili ya mauti, na lugha iliyowasindikiza wote ilikuwa moja. Ndiyo sababu nasema ya kuwa kurasa za uhamisho katika Maisha Yangu, ingawa vita havishiki humo nafasi ya mbele, ni kurasa za miaka ya vita, na zisomwe hivyo.

Jambo hili si letu peke yetu. Waingereza wamebishana kwa muda mrefu juu ya Jane Austen, aliyeandika riwaya zake wakati nchi yake inapigana na Napoleon, hali ndugu zake wawili, Francis na Charles, ni maofisa katika manuwari. Katika Pride and Prejudice, kilichochapishwa mwaka 1813, jeshi limo, lakini twalijua kwa ngoma za dansi, na huzuni yake kubwa ni kikosi kuhama kutoka mji mdogo kwenda Brighton. Wako wanaosema ya kuwa alifumba macho. Lakini mwaka 1924 Rudyard Kipling aliandika hadithi iitwayo The Janeites, juu ya askari wa mizinga katika vita vya 1914 hata 1918 ambao walikishika kitabu cha mwanamke huyo kama siri ya undugu wao. Walio vitani walitaka kusikia habari za mahali ambapo watu bado wanaalikana chai. Labda mwandishi wa mambo ya nyumbani huwatumikia walio mbali kwa njia ambayo msimulizi wa medani hawezi.

Hata hivyo sitaki kuifanya hoja yangu iwe rahisi kuliko ilivyo. Wanaowalaumu makarani wana neno moja ambalo hatuwezi kulikwepa. Karamu ya kuagana ilikuwa na mlango, na si kila mtu aliingia. Tarishi alipeleka vikombe, hakusoma risala. Mkulima aliyetolewa kwake kwenda kukata katani hakuandikiwa shairi. Askari wengi hawakujua kusoma, na barua zao ziliandikwa kwa mkono wa mwingine. Tukisoma kimya cha Maisha Yangu kwa mapenzi, yatupasa tujue ya kuwa ni kimya cha mtu mwenye kalamu. Kimya cha asiye nayo hatukukipata. Mhakiki asiyeuliza ni nani hakuagwa amefanya nusu ya kazi yake. Lakini swali hilo lenyewe hatuwezi kuliuliza mpaka tukubali kwanza ya kuwa kuagwa ni jambo kubwa. Anayedharau karamu ya chai hana msingi wa kulalamika ya kuwa tarishi hakualikwa.

Liko na jambo la jina. Utenzi ule mkubwa waitwa wa vita vya uhuru. Raia wa nchi iliyotawaliwa aliita uhuru jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajapewa. Kitabu kilipotoka mwaka 1967, Tanganyika ilikuwa imekwisha jitawala tangu mwaka 1961, na neno lile lilikuwa limebadilika uzito mdomoni mwa wasomaji. Wengine walisikia humo utiifu wa mtumishi wa Serikali. Wengine walisikia madai. Mimi naona kitabu peke yake hakitoshi kutupa hukumu. Tukikiweka karibu na Maisha Yangu, na karibu na barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu mwaka 1931 hata 1958, ambazo zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, twaona mtu ambaye heshima ya binadamu kwake ilianza katika mambo madogo: salamu, deni kulipwa, mgonjwa kuangaliwa, kazi kufanywa sawasawa. Uhuru alioutungia beti 3,000 ulikuwa, nadhani, uhuru wa mambo hayo kuendelea bila mtu kuyavunja. Kama ndivyo, basi kitabu cha nyumbani ndicho kinachotueleza kitabu cha vita kilipigania nini.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wasome vitabu hivi viwili pamoja, bega kwa bega, miaka kwa miaka. Wakifika kwenye beti za mwaka 1944, wafungue na safari ya Mpwapwa. Waulize kila kitabu kinajua nini ambacho mwenziwe hakijui. Kisha wazitafute risala za kuagana, zilizopigwa taipu kwenye karatasi nyembamba na kukunjwa mara nne, ambazo ziko katika masanduku ya wazee wetu, na wazisome kwa makini wanayoyapa mashairi. Wala wasidhani ya kuwa wanachimba mambo yaliyokwisha. Mwaka 2022 vita vya Ukraini vilipandisha bei ya mafuta na ngano katika miji yetu, na mwaka 2023 vita vilizuka Sudani, nchi isiyo mbali nasi. Katika miaka hiyo hiyo vyuo na ofisi zetu ziliwaaga wastaafu wao kwa keki, kanga na hotuba. Nimehudhuria hafla kadha wa kadha za namna hiyo, na katika nyingi sikusikia neno hata moja juu ya vita. Nilisikia wazee wakiwaomba vijana msamaha, na vijana wakiwaomba wazee radhi. Mhakiki mwenye haraka ataandika ya kuwa watu wale walikuwa wamesahau dunia. Kabla hajaandika hivyo, na arudi kwa Mwana Kupona, ahesabu beti alizowapa mizinga, na beti alizowapa maskini wanaobisha mlangoni.